Jiwe Lenye Matundu

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, mwaka wa pili, na kwetu ni Mubende, Uganda. Muhula uliopita mwalimu alitupa habari fupi ya kutafsiri, kuhusu parokia ndogo ya mashambani iitwayo Eyam, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki nzima, na sababu haikuwa ugumu wa maneno.

Mwezi wa Septemba 1665, mshona nguo mmoja wa Eyam, George Viccars, alikufa kwa tauni. Inasimuliwa kwamba viroboto waliletwa na kitambaa kilichotoka London. Majirani nao wakaanza kufa. Juni 1666 kasisi wa parokia, William Mompesson, pamoja na Thomas Stanley, kasisi wa zamani wa hapo, waliwaomba watu wasitoke kijijini, ili ugonjwa usifike kwa jirani zao. Wakakubali. Ibada zilifanywa nje, bondeni, watu wakisimama mbalimbali. Mpakani kulikuwa na jiwe lenye matundu. Wanakijiji walitia humo sarafu ndani ya siki, na watu wa nje wakaacha chakula na kuchukua fedha zao. Jiwe hilo lipo hadi leo.

Nilikwama nilipofika kwenye mazishi. Kila familia ilitakiwa kuzika wafu wake yenyewe, bila kukusanyika. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane, Agosti 1666. Niliandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena, kisha nikafunga daftari.

Oktoba 2022, wilaya yetu ilifungwa kwa sababu ya Ebola. Mimi nilikuwa Kampala. Katika siku hizo bibi yangu aliyenilea alifariki, kwa uzee tu, si kwa Ebola. Dereva mmoja wa bodaboda aliniahidi kunipitisha njia za panya usiku. Nilikuwa nimeshafunga mkoba nilipompigia baba simu.

"Usije," alisema.

"Baba, ni bibi!"

"Ni mama yangu, mwanangu. Nimesema usije."

Walimzika watu wachache. Mimi sikutia hata konzi moja ya udongo. Kwa miezi mingi nilimjibu baba kwa neno moja moja, na yeye hakuniuliza kwa nini.

Katika habari ya Eyam nilisoma pia kwamba Mompesson aliwapeleka watoto wake mbali kabla kijiji hakijafungwa. Mkewe, Catherine, alikataa kuondoka. Alikufa Agosti 1666, na kaburi lake lipo katika uwanja wa kanisa. Tauni ilipokwisha, watu 260 hivi walikuwa wamekufa. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Agosti, wanaparokia huwakumbuka kwa ibada.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba baba alinifungia mlango. Sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa upande gani wa mlango huo. Alikuwa ndani, pamoja na maiti ya mama yake na hofu ya ugonjwa, na mtoto wake alikuwa mbali, salama. Wakubwa walisema mficha maradhi kifo humfichua. Baba hakuficha kitu, mimi ndiye niliyetaka kupita usiku.

Sisemi kwamba maumivu yamekwisha. Bado naona nilimkosea bibi, na pengine Elizabeth Hancock naye aliona hivyo kuhusu makaburi aliyoyachimba peke yake. Lakini nilipomaliza tafsiri nilimpigia baba, nikamsomea yote kwa simu. Kiswahili chake ni kidogo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Lile jiwe, bado lipo?"

"Lipo, baba."

"Vizuri," alisema. "Njoo likizo tukajengee kaburi la bibi."