Barua kwa Mpwa Aliyebaki na Punje Ishirini

Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako kutoka Lusaka imewasili, nami nimeisoma mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa insafu: kwa hasira, kwa kuwa kamari ni haramu katika dini tuliyokulea nayo, na sikutaraji kuwa mwana wa dada yangu angeijua poka kabla ya kuijua biashara ya baba yake; kwa insafu, kwa kuwa umeniapia kwamba wewe na wenzako wa bweni mnacheza kwa punje za mahindi tu, wala hazikombolewi kwa fedha, na kwamba haja yako ni kujua ulipopotea katika hesabu. Nitakujibu basi, kwani zamani nilipokuwa karani huko Kitwe niliwatazama watu wengi wakiucheza mchezo huo, na mtazamaji asiye na dau aghalabu huona yasiyoonwa na mchezaji.

Wasema ulibaki na punje 20, ilhali dau la lazima lilikuwa punje 2 kwa mmoja na punje 1 kwa jirani yake. Ukagawiwa ree na mfalme, ukaweka punje 6, mmoja akakufuata, karata tatu za mezani zikafunuliwa pasipo ree wala mfalme, mwenzako akasukuma fungu lake lote, nawe ukatupa karata zako na kuziokoa punje 14. Wauliza kama hadhari hiyo ilikuwa hekima. Haikuwa; na taksiri haikuwa katika kutupa, bali katika zile punje 6 za mwanzo.

Zingatia kwamba karata tatu za kwanza humletea mwenye ree na mfalme ree nyingine au mfalme mwingine takriban mara moja tu katika tatu, lakini zikifunuliwa zote tano humletea takriban mara moja katika mbili. Kwa hiyo mtu anayetoa karibu theluthi ya mali yake kisha akakimbia kila anapokosa katika zile tatu, amenunua theluthi mbili tu za haki yake kwa bei ya haki nzima. Ungaliweka zote 20 tangu awali, pasingalikuwa na mtu wa kukufukuza mezani kabla ya karata ya tano. Na ungaliogopa nini? Mbele ya karata zozote zile zilizogawiwa bila kuchaguliwa, ree na mfalme hushinda takriban mara 65 katika 100. Hata mbele ya jozi ya malkia hushinda kama mara 43. Jozi zinazoikandamiza vibaya ni mbili tu, ya ree na ya wafalme, nazo zimekuwa adimu kwa sababu wewe mwenyewe umeshika moja ya kila aina, hata njia za kuipata kila jozi zimepungua kutoka 6 hadi 3.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko hiyo, ambayo vijana hawaioni kwa kuwa haimo katika karata, ni hofu unayoitia katika nyoyo za wengine. Punje 20 bado zaweza kumuumiza anayezifuata. Kwa hiyo wengi wenye karata za wastani watajiondoa, nawe utazichukua zile 3 za lazima, yaani sehemu 15 katika 100 ya mali yako, pasi na karata hata moja kufunuliwa. Ukingoja mpaka ukabaki na punje 6, hofu hiyo imekwisha: aliyekwisha kulipa dau la lazima atakufuata kwa takataka yoyote, kwa kuwa kushindwa nawe humgharimu kidogo tu. Nawe huwezi kungoja bure, maana kila mzunguko wa meza hukula punje 3. Ndivyo walivyokuwa wachuuzi wetu waliopeleka samaki wabichi Copperbelt kabla ya daraja la Chembe kufunguliwa mwaka 2008: mwenye magari mengi aliweza kulala kwenye foleni ya kivuko cha mto Luapula akisubiri, lakini mwenye sanduku moja alihesabu barafu yake, na alipofika sokoni aliuza samaki wote mara moja au akawatupa.

Najua utanitajia Jack Straus, yule Mmarekani ambaye husimuliwa kwamba katika mashindano makubwa ya Las Vegas ya mwaka 1982 alibakiwa na kipande kimoja tu cha dau, na bado akatoka bingwa. Kisa hicho kizuri kimeharibu vijana wengi, kwani wale wote waliobakiwa na kipande kimoja wakaondoka mikono mitupu hawakuandikiwa habari.

Hayo ndiyo ya punje. Sasa nije kwenye aya yako ya mwisho, uliyoiandika kwa herufi ndogo kana kwamba sitaiona, ambamo wanitaka, ziwa litakapofunguliwa tarehe 1 Machi baada ya miezi mitatu ya kukatazwa uvuvi, nichukue fedha zote za ada yako nikununulie dagaa wa chisense hapa Kashikishi, kwa hoja kwamba mwenye kidogo hana budi kukisukuma chote. Mpwa wangu, kati ya sababu mbili nilizokueleza, dau la lazima na hofu ya wengine, ni ipi iliyomo humo? Hakuna dau la lazima linaloila ada yako. Ipo pale pale, kamili, ikisubiri kulipwa. Wala hakuna mnunuzi wa Kashikishi atakayejiondoa kwa kuyaogopa magunia yako mawili, ilhali wenye malori kutoka Kasama na Ndola wamesimama hapo hapo. Zaidi ya hayo, chisense huanikwa mchangani, na Machi bado ni mwezi wa mvua. Mvua ya siku mbili yatosha kuigeuza bidhaa hiyo uvundo. Na aliyemaliza punje zake huinuka akaenda kulala, kisha kesho akagawiwa nyingine. Wewe ukiimaliza ada, mwaka wa masomo umekwenda.

Kwa hiyo fedha sizipokei. Ilipe ada kwanza, unitumie stakabadhi kabla ya mwezi huu kwisha. Na ukipata chochote kilichobaki baada ya chakula na vitabu, nitakununulia gunia moja, nami nitalisimamia mwenyewe mpaka likauke.

Wasalaam,
Mjomba wako