Usiku Mmoja Juu ya Ziwa Kivu

Watu wa Tabora na Kigoma wakitaja safari ya usiku, hufikiri gari moshi. Sisi wa Goma hatuna reli. Gari moshi letu ni meli ya Ziwa Kivu. Njia ya nchi kavu, kwa kupitia Sake na Minova, ina milima mikali, na wakati wa mvua ina matope mengi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wasafiri wamependa kupanda meli jioni, kulala juu ya maji, na kuamka Bukavu alfajiri.

Nyuma huachwa Nyiragongo, mlima wa moto ambao lava yake ilipasua mji mwezi wa Januari 2002 hata ikaingia ziwani. Mbele kuna kisiwa cha Idjwi. Gizani huonekana taa za wavuvi wa sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na ambao leo hulisha nyumba nyingi za pwani hizi.

Msafiri ajitayarishe vema. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na upepo wake wa usiku ni baridi: blanketi si anasa, hasa kwa mama mwenye mtoto. Afike bandarini mapema, achague mahali mbali na kelele za mashine, na mzigo wake auweke mbele ya macho. Achukue viazi vilivyochemshwa, mayai, ndizi na maji ya kunywa. Hati zake zikae mfukoni, si ndani ya sanduku.

Lakini liko jambo kubwa kuliko usingizi. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama mchana karibu na gati ya Kituku, hapa Goma, watu wakiitazama toka ufukoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo mchana, karibu na nchi kavu, itakuwaje usiku wa manane, katikati ya ziwa ambalo kina chake chapita mita 450?

Kwa hiyo kabla ya kutandika mkeka, yatupasa kuuliza: makoti ya kuelea yako wapi? Yanatosha watu wote, na watoto pia? Tulivae koti hilo, tusilifanye mto wa kulalia. Tukiona sitaha imejaa hata hapana nafasi ya kupitisha mguu, tushuke, ingawa nauli imekwisha lipwa.

Tena, mapema mwaka 2025 vita vilisimamisha safari za meli kwa muda. Mwenye safari asitegemee desturi ya zamani, bali aulize kwanza bandarini ni meli gani zinazoondoka, na saa ngapi. Mgonjwa aliye Bukavu, soko, harusi, vyote hutuharakisha. Hata hivyo anayetungojea ng'ambo heri atungoje siku moja zaidi, kuliko kutungoja asituone kamwe.