Pampu inapowaamsha watoto Bugwema

Ukifika Bonde la Bugwema, Musoma Vijijini mkoani Mara, Ziwa Victoria haliko mbali. Kiangazi mboga zinataka maji, na maji yanataka pampu. Ile ndogo ya petroli hunguruma kuliko umbo lake. Bustani ikipakana na nyumba, ikiwashwa saa kumi alfajiri hakuna mtoto anayelala tena.

Si kelele zote ni za injini. Ukisikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya debe, mara nyingi mpira wa kunyonya maji unavuta hewa, au chujio lililo majini limezibwa na magugu. Kaza klipu, safisha chujio. Ila mtoto asitumwe kulichomoa! Maji ya kina kifupi ya ziwa hili huwa na vimelea vya kichocho, na hupenya hata kwenye ngozi isiyo na kidonda. Lifungwe kamba, livutwe kutoka nchi kavu.

Mtetemo hupungua pampu ikikalishwa juu ya vipande vya tairi kuukuu na nati zikakazwa. Ekzozi iliyotoboka ibadilishwe.

Wapo wanaoifungia injini kibandani, ubavuni mwa nyumba, ili inyamaze. Hapo afadhali kelele. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua aliyelala chumba cha pili bila kushtuka. Pampu ikae mahali pa wazi, karibu na maji. Mpira wa kupeleka maji bustanini ndio urefushwe.