Mlango wa Shomoro

Upande wa Asia wa mji wa Istanbul, nchini Uturuki, pana mtaa uitwao Üsküdar, na hapo karibu na gati umesimama msikiti wa Yeni Valide, uliokamilika mwaka 1710. Sultani Ahmed wa Tatu aliujenga kwa ajili ya mama yake. Tulipouzuru, baada ya Adhuhuri tuliinua macho ukutani tukaona vijumba vya mawe vilivyochongwa kama kasri. Tulidhani ni mapambo. Mwenyeji wetu akatucheka: hizo ni nyumba za ndege. Waashi wa Dola ya Uthmania walizipachika juu, paka wasikofika, upande wenye jua na uliokingika na upepo mkali. Tulizitazama hata shingo ikatuuma.

Tulirudi Mombasa na picha tele, ibra tukaiacha kulekule. Mwezi haukwisha tukamwita fundi aitengeneze nyumba yetu ya Mji wa Kale. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na chini ya upenu, zilipotokeza boriti, palikuwa na matundu ambamo shomoro wamezaa tangu utotoni mwetu. Tukamwamuru ayazibe yote kwa saruji.

Jioni ile Bi Mkubwa wetu alikaa barazani akimwona shomoro akienda na kurudi, mdudu mdomoni, akiupiga ukuta kwa mbawa. "Mwenye nyumba kafungiwa mlango," akasema, "na wanawe wamo ndani." Tulipanda ngazi wenyewe usiku, patasi mkononi. Makinda walikuwa watatu. Wawili walikuwa hai. Sisi tuliosomesha miaka mingi hadithi ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe, udhuru hatuna.

Enyi mama zetu na dada zetu mnaokarabati: kabla ya saruji, tazameni asubuhi moja ndege wanaingilia wapi. Tundu lenye kiota lingoje makinda waruke. Na katika maghorofa haya mapya yasiyo na upenyo, kisanduku cha mbao chatosha. Kitundu kiwe cha sentimita tatu hivi. Kikizidi, kunguru huingiza mdomo akala mayai. Wala msifuate Istanbul katika jua: huko kuna baridi, kwetu joto la alasiri huua makinda, basi kitundikeni kivulini.

Chetu kimetundikwa tangu Mfungo Mosi, na hakijapata mpangaji. Binti yetu hukitazama kila arudipo chuoni. Jana aliona unyasi mmoja ukining'inia kitunduni.