Nilikwenda Peke Yangu Kwenye Jumba la Lord Egerton

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa Manyamanyama, Bunda, Mkoa wa Mara. Kazi yangu ni kulima pamba na mahindi. Mwaka jana nilivuka mpaka kwa mara ya kwanza. Nilikwenda Kenya kumsaidia mdogo wangu. Ameolewa Nakuru, na alikuwa amejifungua.

Kutoka Bunda nilipanda basi hadi Sirari. Ng'ambo ya mpaka panaitwa Isebania. Nilidhani huko nitakuta watu wengine kabisa. Lakini pande zote mbili nilisikia Kikurya kile kile. Basi la pili lilipita Migori, Kisii na Kericho. Kericho ni chai tupu, vilima na vilima. Nakuru nilifika usiku. Baridi yake si ya kwetu. Nililala na khanga mbili na blanketi mbili.

Baada ya wiki mbili mama mkwe wa mdogo wangu alikuja kumshika mtoto. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, leo pumzika. Nenda ukaone jumba la Lord Egerton." Nilimwuliza nitakwenda na nani. Akasema, "Peke yako. Si unajua kusoma?"

Nilipanda matatu ya Njoro. Nilimwomba kondakta anishushe Ngata. Alisema sawa, kisha akasahau. Alikuwa akidai nauli na kupiga kelele za abiria. Mimi nilikuwa natazama vibao vya njiani. Nilipoona kimeandikwa Egerton Castle nikapiga kelele, "Shusha hapa!" Watu walicheka, lakini gari lilisimama. Kutoka barabarani nilichukua bodaboda.

MTU MWENYEWE

Jumba hili liko kilomita 14 hivi kutoka mjini Nakuru. Kwanza unaona miti, halafu unaona ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa. Kwetu Bunda mawe ni mengi, lakini yako mlimani. Hapa yamepangwa moja juu ya jingine, na huoni yameungana wapi. Ndani mna vyumba 52.

Aliyejenga aliitwa Maurice Egerton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Lord ni cheo cha heshima cha Waingereza. Baba akifa, mtoto wa kiume anakirithi pamoja na ardhi. Ukoo wake ulikuwa na jumba kubwa huko kwao, linaitwa Tatton Park. Yeye alipenda kusafiri na kuwinda. Alikuwa pia kati ya Waingereza wa kwanza kabisa kurusha ndege. Alipokuja Kenya alipata shamba kubwa sana upande huu wa Njoro.

Ardhi hiyo haikuwa pori lisilo na watu. Wamasai walikuwa wakichunga ng'ombe katika bonde hili. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza iliwafanya Wamasai wakubali mkataba wa kuhama, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba. Jambo hilo halikuandikwa mlangoni. Nimeona vema nilitaje.

Jumba lilianza kujengwa mwaka 1938. Lilikwisha mwaka 1954. Hesabu mwenyewe: ni miaka 16. Vita Kuu ya Pili ilianza na kwisha, jumba bado linajengwa. Lord Egerton alifariki mwaka 1958. Basi alikaa miaka 4 tu katika jumba lililokamilika. Hakuoa. Hakuwa na mtoto, na cheo chake kikaishia hapo.

KIBAO KWENYE MTI

Nililipa kiingilio. Aliyenitembeza ni msichana mwenye sauti ya upole. Aliniita mama, nami nikamwita mwanangu. Aliniambia hadithi ambayo watu wa Nakuru wote wanaijua.

Wanasimulia kwamba Lord Egerton alimpenda mwanamke wa Ulaya. Alimleta aone nyumba yake ya kwanza, nyumba ndogo. Mwanamke akasema hawezi kukaa katika banda la kuku. Lord Egerton akaanza kujenga hili jumba kubwa. Lakini mwanamke alikataa pia, akaolewa na mtu mwingine. Tangu hapo Lord Egerton hakutaka kumwona mwanamke yeyote. Wafanyakazi wake walikuwa wanaume watupu. Wake zao walikaa mbali na shamba. Inasemekana aliweka vibao kwenye miti. Mwanamke akiingia atapigwa risasi.

Hadithi ya mapenzi haina ushahidi, na kila mtu anaiongezea chumvi yake. Ila habari ya kuwachukia wanawake inarudiwa na wengi.

Nilisimama palepale. Nilimwuliza yule msichana, "Je, mwanamke asiyejua kusoma aliambiwaje?" Alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Wasomaji, niwaambie kwa nini niliuliza. Mume wangu alipofariki, jamaa mmoja wa ukoo aliniletea karatasi. Alisema ni ya matanga. Nilitia dole gumba. Baadaye niliambiwa nimekubali kuuza robo ya shamba. Baada ya hapo nilikwenda kwenye darasa la watu wazima, nikiwa na watoto wanne. Robo ile haikurudi. Robo tatu zilizobaki zina jina langu, nami nimelisoma mwenyewe kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume.

Kwa hiyo nilipotazama ile miti, niliwaza. Miaka ile ningepita chini ya kibao bila kujua kinasema nini. Ningekuwa nimebeba kuni, labda.

NDANI

Ndani kuna kimya. Ngazi ni pana, watu watano wanaweza kupanda sambamba. Ukutani kuna mahali pa kukokea moto wa kuota, maana baridi ya huko ni kali. Bafu ni kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Mimi nina vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na tumelala humo watu sita.

Kilichonishangaza zaidi ni ukumbi wa dansi. Sakafu ni ya mbao, na kuna kinanda kikubwa chenye mabomba. Mtu anayefukuza wanawake anajenga ukumbi wa dansi wa nini? Alicheza na nani? Nilitembea katikati ya ukumbi ule. Viatu vyangu vya plastiki vililia juu ya mbao, kwi, kwi. Msichana aligeuka, nami nikaona haya.

Dirishani niliona wanaume wakisimika hema na kupanga viti vyeupe nje kwenye majani. Nilidhani ni mkutano. Msichana akasema, "Hapana mama, kesho kuna harusi." Siku hizi watu hukodi uwanja wa jumba hili kufanyia harusi. Hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Jambo moja Lord Egerton alilifanya limedumu. Mwaka 1939 alianzisha shule ya kilimo huko Njoro, akaipa ekari 740. Ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Miaka ya mwanzo ya 1960 ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, na jumba hili sasa ni mali ya chuo hicho. Wanawake wanasoma humo kilimo na masomo mengine. Yule msichana aliyenitembeza alisema amesoma hapo.

Nilitafuta ukutani majina ya watu waliochonga na kubeba yale mawe. Sikuyaona. Miaka 16 ni kazi ya watu wengi.

Kabla ya kuondoka nilipewa kitabu cha wageni. Juu yangu wageni walikuwa wameandika kwa haraka, kama kuku amekwaruza. Mimi sikufanya haraka. Niliandika jina langu lote, la mimi na la baba yangu. Halafu nikaandika: Manyamanyama, Bunda, Tanzania. Neno Manyamanyama ni refu, likapita mstari wa kitabu. Msichana alilisoma kwa sauti, akaniuliza kama huko kuna nyama nyingi. Nikamwambia aje aone. Kisha nikatoka kutafuta bodaboda, maana jua lilikuwa limeshuka na mtoto alikuwa ananingoja.