Sungura Hakui kwa Mahindi Pekee

Hapa kwetu Eldoret mahindi na ngano ndiyo mali yetu. Kwa hivyo mtu akifuga sungura, humtilia nyasi, unga wa mahindi na pumba za ngano, basi! Kumbe mwili wa sungura anayekua hujengwa kwa protini, nayo protini ni kama ukuta wa matofali ya aina nyingi yaitwayo asidi amino. Aina moja ikipungua, ujenzi husimama papo hapo, hata kama nyingine zimejaa tele. Mahindi yana upungufu wa laisini.

Mashudu ya alizeti yana methionini nzuri lakini laisini kidogo. Soya ni kinyume chake. Basi mimi huchanganya vyote viwili. Soya huikaanga kwanza, maana ikiwa mbichi huzuia protini isimeng'enywe tumboni. Kila kilo ya chakula yafaa iwe na protini gramu 150 hadi 160, na laisini gramu 7 hivi. Ni kweli sungura hula tena kinyesi chake laini akapata protini zaidi, lakini hiyo haimtoshi anayekua upesi.

Mama hulalamika, "Ala! Hawa wanyama wako wanakula vizuri kutushinda!" Nami humjibu, "Mama, hao ndio karo ya muhula ujao." Soya ni ghali, sikatai. Lakini sungura aliyedumaa naye hula kila siku, na siku ya soko hana mnunuzi. Wanachama wenzangu, ghali ni ipi hapo?