Mgomba wa Mtawa Sengai

Ndugu msomaji, ukijaliwa kushuka katika stesheni ya Hakata, jijini Fukuoka, kusini mwa Japani, usiyakimbilie maduka. Tembea kitambo kidogo, nawe utafika katika hekalu la Shofuku-ji. Mtawa Eisai alilianzisha mwaka 1195, baada ya kurejea kutoka China, nalo huhesabiwa kuwa hekalu la kwanza la Zen nchini humo.

Hapa ndipo alipoishi mtawa Sengai Gibon, aliyezaliwa mwaka 1750. Alikuwa mkuu wa hekalu hadi alipostaafu mwaka 1811, akapata wasaa wa kuchora.

Alitumia wino mweusi. Wino huo ni masizi yaliyochanganywa na gundi na kukaushwa kuwa kipande kigumu, ambacho mchoraji hukisugua juu ya jiwe lenye maji. Maji yakizidi, weusi hugeuka kijivu kama ukungu wa alfajiri; yakipungua, huwa kiza cha usiku wa manane. Karatasi huunywa wino papo hapo, hivyo mkono ukikosea, hakuna kufuta.

Tazama mchoro wake wa mgomba, na chura aliyechutama chini yake. Mgomba wa huko hupandwa kwa uzuri wake, maana ndizi zake haziliwi, na majani yake huraruliwa na upepo. Mtawa anatania: Basho, jina la mshairi mashuhuri wa karne ya 17, maana yake ni mgomba huo, naye alisifika kwa shairi la chura. Katika mchoro mwingine, mti wenye matawi membamba unapepesuka katika upepo, na kando yake limeandikwa neno lenye maana ya uvumilivu.

Uvumilivu huo ulimpasa yeye mwenyewe. Watu wa kila hali walimjia na karatasi mkononi, wakiomba mchoro. Walizidi hata mzee akachoka. Mwaka 1832 alisimamisha jiwe lililochongwa tangazo kwamba ameiweka chini brashi yake. Lakini watu hawakukoma kubisha hodi, naye, licha ya jiwe lile, akaendelea kuwachorea. Alifariki mwaka 1837.

Ndugu msomaji, nasi hutokea tukachoka na hodi za majirani. Siku hiyo ikifika, ukumbuke mgomba ule wenye majani yaliyoraruka: upepo umeupiga, nao ungali umesimama, na chura amepata kivuli.